Buyu wamenikubali na pesa, Ulaya wameniweka akiba. Nimebakiwa na siku tisa

Bint Micheweni:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimeandika na kufuta mara tatu, safari hii naleta jambo kama lilivyo.

Mimi ni mtoto wa Micheweni, Pemba, nina miaka 27. Shahada ya kwanza nilisoma sayansi ya mazingira. Miaka mitatu sasa nafanya kazi Chake Chake kwenye mradi wa wakulima wa mwani, kwa mkataba, na mkataba wenyewe unakwisha Juni. Tangu mwaka jana naomba nafasi za masta. Niliomba saba. Nne zimenikataa, tatu zimenikubali, na hizo tatu ndizo zinazoninyima usingizi.

Ya kwanza ni Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Buyu, Unguja. Wakubwa wanaijua tangu ilipokuwa Mizingani. Ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na imekuwapo Zanzibar tangu 1978. Kuna mwalimu pale ana mradi wa joto la maji na kufa kwa mwani, na anataka mwanafunzi mmoja tu wa masta. Alikuja Pemba kutoa mafunzo, nikamganda kwa maswali hadi mwisho akaniambia niombe. Barua yake inasema mradi utalipa ada, na nitapata posho ya laki nne kwa mwezi. Haisemi miezi mingapi. Anataka jibu ndani ya siku tisa, kwa sababu jina la mwanafunzi lazima liende kwa wafadhili.

Ya pili ni shahada ya pamoja ya vyuo kadhaa vya Ulaya, mambo ya rasilimali za bahari, muhula wa kwanza Ghent, Ubelgiji. Kusoma nimekubaliwa. Ama ufadhili wa Erasmus Mundus, ule wa Umoja wa Ulaya, nimeandikiwa kuwa nipo katika orodha ya akiba, yaani akijitoa mtu mbele yangu ndipo nisogee. Bila ufadhili natakiwa nilipe mwenyewe euro 4,500 kila muhula, kwa mihula minne. Ni zaidi ya shilingi milioni 50, na hapo sijala wala sijalala. Kwetu hakuna aliyewahi kuzishika pesa hizo.

Ya tatu ni chuo kimoja Uingereza, mwaka mmoja, wamenipunguzia robo ya ada. Hii nimeshaitoa kwenye hesabu.

Sasa niseme kwa nini Buyu inanivuta, maana si pesa tu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar 1989, na mama yangu aliingia pwani mimi sijazaliwa. Alikuwa akipanda kotoni, ule mwani mnene, kwa sababu bei yake ndiyo nzuri. Naikumbuka siku moja ya bamvua, maji yamekupwa mbali, nipo darasa la sita, nimemfuata. Alinyanyua kamba moja iliyofungiwa mwani, mwani umekuwa mweupe kama nyama ya nazi, ukiushika unakatikia mkononi. Akanivuta hatua tano sita hadi kamba nyengine, pale mwani mzima, wa kahawia, umekaza. Akaniuliza: "Hizi zote zinakunywa maji mamoja. Mbona ile imekufa na hii haijafa?"

Nimesoma hadi chuo kikuu na jibu lote bado sina. Najua maji yakipata joto kupita kiasi wakati wa kaskazi mwani hudhoofu, na ule ugonjwa wataalamu wanaouita ais-ais huingia. Lakini kwa nini kamba ile na si hii, ndani ya shamba moja? Leo mama na wenziwe karibu wote wamehamia spinozamu, ule mwembamba. Unastahimili zaidi ila bei yake ni ndogo. Mwanamke anasimama majini saa nne, anabeba gunia la mwani mbichi kichwani hadi juu, anaanika, halafu anapokea pesa isiyomaliza hata deni la unga. Suala hili naliona usoni kila siku ya kazi.

Na Ghent inanivuta pia, sitasema uongo. Kule ningeusoma mwani hadi kwenye vinasaba vyake, kwa vyombo ambavyo mimi nimeviona kwenye picha tu. Kaka yangu anasema nikibaki hapa nimejifungia kisiwani. Shangazi yangu wa Fuoni, Unguja, anasema njoo, chumba kipo. Mama yuko peke yake tangu baba afariki, magoti yanamsumbua, na habari ya Ulaya sijamwambia kwa sababu bado haijawa.

Nauliza: ningoje akiba? Au niwajibu Buyu ndiyo, halafu Ghent ikija nijitoe? Na laki nne Unguja inaweza kumweka mtu?

Mtu wa Wete:

Wa alaykum salaam dada. Mimi niliupata huo ufadhili wa Erasmus Mundus kwa fani nyengine, nikasoma Ureno kisha Ufaransa, nimerudi mwaka wa tatu huu. Nakwambia nilichokiona.

Ukiupata kamili ni ufadhili mzuri kweli. Ada wanalipa, bima wanalipa, na mkononi unapewa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24. Lakini uisome barua mpaka chini. Siku hizi nauli, viza na gharama za kuanzia maisha vyote unavitoa ndani ya hizo 1,400. Fungu la tiketi halipo. Na masomo ya namna hii ni ya kuhama, kila muhula mji mpya, amana ya chumba upya, kibali cha kuishi upya. Posho yangu ya kwanza ilichelewa wiki tano kwa sababu sikuwa na akaunti ya benki ya kule. Akaunti hawakunifungulia bila ya anuani, na anuani sikuipata bila ya kulipa amana ya chumba. Aliyenihifadhi ni kijana wa Kingazija tuliyekutana msikitini Ijumaa ya kwanza. Nililala kwake, nikala kwake, na hakunihesabia. Mpaka leo namwombea dua. Kwa hiyo hata ukiambiwa kesho umepata, uwe na milioni nne au tano za kushika kabla hujapanda ndege.

Sasa hiyo akiba. Akiba si ahadi, dada. Mwandikie mratibu leo hii, usiku huu, umuulize mambo mawili: mimi ni wa ngapi, na orodha mnaifunga lini? Muandike kwa ufupi na kwa adabu. Wengi hujibu. Ukiwa wa pili au wa tatu ni neno jengine kabisa na kuwa wa ishirini, na wewe sasa hivi unakosa usingizi bila kujua ni lipi.

Kwenda kwa kujilipia usiende. Nilisoma na mwenzetu mmoja wa Afrika Magharibi ambaye nyumbani waliuza kiwanja alipie muhula wa kwanza, wakitegemea atafanya kazi. Ubelgiji mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, na saa 20 hazilipi ada na chumba. Alirudi kwao bila kiwanja na bila shahada.

Jengine: milango haijaisha. Una miaka mitatu ya kazi. Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, nawe umeshazipita. Inalipa ada, nauli na posho kwa masta ya mwaka mmoja, kwa sharti la kurudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Na popote utakaposoma nje, weka nakala ya kila karatasi, kwa sababu ukirudi shahada itapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kutambuliwa kabla hujaomba kazi ya serikali.

Ummu Salim:

Mdogo wangu, mie nimesoma masta hapahapa nchini, chuo sikitaji. Niliingia kwenye mradi kama huo wako, posho na ada, nikafurahi, sikuuliza kitu. Mradi ulikuwa wa miaka mitatu na mie nimeingia mwaka wake wa pili. Pesa zikakatika nami nina nusu ya data. Msimamizi akasafiri mwaka mzima, sura zangu mbili zikakaa kwake miezi minne hazijafunguliwa. Masta ya miaka miwili ilinichukua miaka mitatu na miezi minane, nimejifungua watoto wawili humo ndani. Sisemi Buyu ndivyo walivyo. Nasema mie sikuuliza, na wewe bado una nafasi ya kuuliza.

Muulize mradi unakwisha mwezi gani na mwaka gani. Posho ni miezi mingapi. Akisafiri, nani mwengine atakusimamia, kwa jina. Boti ya kwenda Pemba, gari, mifuko ya sampuli, vipimo vya maabara, vyote hivyo vinatoka fungu gani? Data ni ya nani, na makala ya kwanza jina lako litakaa wapi? Akikujibu kwa simu, mwambie kwa heshima "naomba uniandikie, mwalimu". Mtu mkweli hachukii hilo. Halafu watafute wanafunzi wake wawili waliomaliza uwaulize jambo moja tu: anasoma kazi zako kwa wakati?

Laki nne kwa shangazi Fuoni inatosha. Utatia mkono jikoni, utalipa daladala kwenda na kurudi Buyu, utabakisha kidogo ya kumpelekea mama. Ukipanga chumba haitoshi, usijaribu.

Ama hilo la kusema ndiyo halafu ukimbie, nakuomba usilifanye. Nafasi ni moja. Ukiishika hadi Agosti ukaiachia, mwalimu hapati mtu mwengine, na kaskazi haingoji. Msimu mzima wa vipimo unapotea, na wanaopotezewa ni hao hao kina mama unaowalilia. Mpigie sasa, umwambie habari ya Ghent yote. Mwache aamue kama anaweza kukungoja.

Mwalimu Mstaafu, Chake:

Binti yangu, nimesomesha skuli za Pemba miaka 34. Waliotangulia wamekwambia kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka, nami sina la kuongeza hapo. Nina moja tu.

Umemtaja mama mwanzo hadi mwisho, na hujamuuliza. Mimi mwaka 1984 nilipata nafasi ya kwenda kusoma Dar. Baba yangu alikuwa haoni vizuri, nikaikataa nafasi kimya kimya kwa ajili yake, nikajiona nimefanya jema. Akaja kujua baada ya miaka sita, tena kwa mtu mwengine, barazani. Hakunigombeza. Alinyamaza siku mbili, kisha akaniambia "Ungeniuliza." Amekufa, Mungu amrehemu, na neno hilo bado ninalo.

Muulize mama yako kabla ya siku tisa hazijaisha. Hata kama Ulaya haijawa.

Bint Micheweni:

Nimesoma yote, tena ya mwalimu nimeyasoma mara mbili. Barua kwa mratibu nimeituma usiku huu. Ummu Salim, maswali yako nimeyanakili kwenye daftari moja baada ya moja, nitampigia mwalimu Jumatatu asubuhi. Mama nitakwenda kumwona Jumamosi, kuna bamvua, tutakuwa pwani pamoja.

Mtu wa Wete:

Mungu akufanyie wepesi. Akikujibu mratibu utuwekee hapa, kuna wengine wanasoma kimya wanahitaji kujua.

Bint Micheweni:

Nimerudi. Leo ni siku ya nane.

Mratibu alijibu baada ya siku moja. Mimi ni wa 19 katika akiba. Orodha wanaifunga mwisho wa Juni. Ameandika kwa upole kuwa hawezi kunipa matumaini asiyokuwa nayo, na kwamba naweza kuomba tena mwakani.

Mwalimu wa Buyu nilimpigia nikamwambia kila kitu, Ghent, akiba, hata lile wazo la kukubali kisha nijitoe. Alinyamaza kidogo, nikadhani nimeharibu. Akasema ahsante kwa kuniambia. Angeweza kunisubiri hadi mwisho wa Mei lakini si zaidi, kwa sababu vipima joto vinatakiwa viwe majini Novemba, kabla kaskazi haijakaza. Nikamsomea maswali kutoka kwenye daftari. Ada ipo kwa miaka yote miwili. Posho ni miezi 18, si 24. Boti, gari na vipimo vya maabara vinatoka kwenye mradi. Makala ya kwanza jina langu litatangulia. Msimamizi wa pili amenitajia. Nikamwomba aniandikie, jioni barua ikaja, na yote yamo.

Wanafunzi wake wawili nimewapata. Mmoja anasema barua pepe anaweza kukaa nazo wiki tatu, lakini ukimfuata ofisini anakaa na wewe, anasoma mbele yako mstari kwa mstari. Kwa hiyo nisijidanganye kuwa nitaandika tasnifu nikiwa Pemba. Lazima nihamie Fuoni. Ile miezi sita isiyo na posho nitaanza kuiwekea kuanzia mshahara wa mwezi huu, na nimeshauliza Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar kuhusu maombi ya masta, nangoja dirisha.

Mama. Tulikuwa tumekaa chini tunafunga mbegu kwenye kamba, taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia, zimejaa baina yetu. Nikamweleza yote, na ya Ulaya pia. Akaendelea kufunga. Akaniuliza huko kuna bahari? Nikamwambia ipo, ya baridi. Akafunga mafundo manne matano, akasema: "Ungepata, ungekwenda. Mie nina wenzangu, tunapokezana kamba. Usinitie mie kwenye hesabu zako." Nililia, naye akanipa kamba nyengine nifunge.

Basi sikubakiwa na sababu ya kumsingizia mama. Nilikaa nayo usiku wote, nikajiuliza mwenyewe nataka nini, na kila nilipofumba macho nikaona kamba ile nyeupe na ile nzima. Nataka kujua hilo kwanza. Nimetia saini barua ya Buyu leo asubuhi, nimeichapisha na kuituma kutoka duka la fotokopi Chake. Ghent nimewaandikia waliondoe jina langu kwenye akiba, asogee aliye nyuma yangu, naye huenda anahesabu siku kama nilivyohesabu mimi.

Mama ameshanionesha pa kuanzia. Kamba ya tatu kutoka kwenye mkondo, upande wa kusini wa shamba lake, hiyo ndiyo hufa mwanzo kila mwaka. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye kijiti chake.